Kalipa Nyepesi za Breki kwa Baiskeli ya Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu breki za rimu, zile ambazo kalipa hubana ukingo wa gurudumu kwa raba mbili. Breki za diski zina fremu, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na leva zake na hazibadilishani na hizi, kwa hiyo hazimo humu. Uzito wote uliotajwa ni wa jozi, mbele na nyuma, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

## Mambo ya mwanzo

Uzito wa kalipa unatoka wapi?

Unatoka sehemu tano: mikono miwili inayobana, pini inayozungukia mikono hiyo, springi, bolti kuu inayoshika kalipa kwenye fremu, na raba pamoja na vishikio vyake. Kalipa nyingi za kisasa zina pini mbili. Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, walianza kuzisambaza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zilipendwa kwa sababu zinashika kwa nguvu zaidi na hazihami katikati ovyo. Kalipa ya pini moja ni nyepesi kidogo na inavumilia rimu iliyopinda, lakini kwa nguvu ile ile ya vidole mbano wake ni pungufu kidogo.

Mtengenezaji anayetaka kupunguza gramu hana njia nyingi. Anaweza kuchonga mikono iwe na matundu, kuweka titani badala ya chuma kwenye bolti na pini, au kubadilisha umbo zima ili chuma kibaki pale tu penye mzigo. Njia ya tatu ndiyo inayozaa kalipa nyepesi ambazo bado ni ngumu. Njia ya kwanza ikifanywa bila hesabu huzaa kalipa inayopinda kama kijiko.

Nitapunguza gramu ngapi hasa?

Inategemea unaanzia wapi. Shimano 105 R7000 zina karibu gramu 380, na za kampuni hiyo hiyo za daraja la juu zaidi, Ultegra R8000 karibu 360, na Dura-Ace R9100 karibu 326. Campagnolo Super Record za mikono yenye matundu ziko karibu 270, na SRAM Red huwa chini ya hapo kidogo. Kalipa za Cane Creek eeBrake huteremka hadi chini ya 200. Kalipa zinazokuja na baiskeli za bei ya chini zinaweza kupita 400.

Kwa hiyo kutoka 105 kwenda Dura-Ace unapata gramu 50 na ushei, na kutoka 105 kwenda eeBrake unapata karibu 200. Hatua ya kwanza, kwa uzito peke yake, haina maana; anayeichukua aichukue kwa sababu pini zinazunguka vizuri zaidi na mikono haipindi. Hatua ya pili inaonekana kwenye mizani.

Tahadhari moja: wauzaji wengine hutangaza uzito bila raba, bila nati, au wa kalipa moja badala ya mbili. Raba moja ya kawaida na kishikio chake ni kama gramu 15 hadi 20, na ziko nne. Linganisha vitu vinavyofanana, na ukiweza vipime mwenyewe vikiwa kamili kama vitakavyofungwa.

Nikipunguza gramu hizo nitahisi tofauti nikiendesha?

Mlimani, kidogo mno. Chukua mtu na baiskeli yake vyenye jumla ya kilo 80, anapanda kimo cha mita 1,000 kwa nguvu ya wati 250. Ukiacha upepo na msuguano, kazi ya kujiinua peke yake inachukua kama dakika 52. Ukiondoa gramu 100 unaokoa sekunde 4 hivi. Kalipa pia haizunguki, kwa hiyo huwezi kusema kwamba gramu zake zina faida ya ziada wakati wa kuongeza kasi.

Unachoweza kuhisi kweli ni jinsi leva inavyojibu mkononi, na hilo halitokani na uzito bali na ugumu wa mikono na ulaini wa pini. Ndiyo maana ushauri wetu ni ule ule kila mara: chagua kwanza kalipa inayoingia kwenye baiskeli yako na kuelewana na leva zako, kisha inayoshika vizuri, ndipo uangalie mizani.

Kalipa nyepesi inashika vibaya kuliko nzito?

Si lazima. Nguvu ya breki inategemea vitu vitatu: wenzo wa leva na kalipa vikiwa pamoja, raba na uso wa rimu, na kiasi ambacho mikono inapinda. Kalipa nyepesi iliyobuniwa vizuri haipotezi chochote kati ya hivyo. Iliyobuniwa vibaya hupoteza katika kupinda: unavuta leva, waya unasogea, lakini sehemu ya mwendo huo inaishia kukunja mikono badala ya kuongeza mbano kwenye rimu. Leva huhisi kama unabana sponji.

Kuna jaribio rahisi. Simamisha baiskeli, vuta leva ya mbele kwa nguvu, na mtu mwingine atazame kalipa kwa mbele. Raba zikishagusa rimu, mikono haipaswi kuendelea kufunguka au kujipinda kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Kisha, leva ikiwa bado imevutwa, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Kalipa ikicheza kwenye foku, ama bolti imelegea ama pini zimekwisha.

## Je, zitaingia kwenye baiskeli yangu?

Nipime nini kabla ya kununua?

Pima urefu wa mikono unaohitajika. Gurudumu likiwa limekaa sawasawa, pima kutoka katikati ya tundu la bolti ya breki kwenye foku hadi katikati ya ukanda wa rimu unaoguswa na raba. Rudia nyuma, kwa sababu mara nyingi vipimo hivyo viwili havilingani.

Kalipa fupi za baiskeli za mbio hufika kati ya milimita 39 na 49, na baadhi ya za karibuni hufika 51. Za urefu wa kati hufika 47 hadi 57, na ndizo zinazowekwa kwenye fremu zenye nafasi ya madigadi au tairi nene. Karibu kalipa zote nyepesi sana ni za aina fupi. Ukipata 52 au zaidi, chaguo lako limepungua sana, na usijaribu kufidia kwa kutoboa au kukwangua mfereji wa raba (tundu refu kwenye mkono ambamo raba hufungwa) uwe mrefu.

Hata ukiwa ndani ya kipimo, nafasi ya raba kwenye mfereji ina athari. Raba ikishushwa hadi mwisho, mkono unakuwa mrefu na mbano unapungua. Fremu yenye milimita 41 itahisi breki kali kuliko yenye 49 kwa kalipa ile ile.

Nitajuaje kama yangu ni ya bolti moja au mbili?

Tazama foku kwa mbele. Tundu moja katikati ya taji la foku ni la kalipa ya bolti moja. Matundu mawili yenye nyuzi, moja kila upande, ni ya kalipa inayofungwa moja kwa moja kwa bolti mbili. Aina hizi mbili hazibadilishani kabisa, na hakuna adapta ya kuaminika. Angalia na nyuma pia, kwa maana zipo fremu zenye bolti moja mbele na mbili nyuma, na nyingine zimeficha breki ya nyuma chini ya mhimili wa pedali.

Kalipa mpya ina nati ndefu ya kuzama, yangu ya zamani ina nati ya kawaida. Nifanyeje?

Fremu nyingi za zamani zilitobolewa tundu la milimita 6 pande zote, na bolti ya kalipa hupita hadi nyuma na kukazwa kwa nati ya kawaida. Za kisasa zina tundu la milimita 8 kwa nyuma, ambamo nati yenye umbo la bomba huzama na kukazwa kwa alenki ya milimita 5. Kalipa nyepesi karibu zote zinataka mfumo huu wa pili.

Kupanua tundu la nyuma la foku ya chuma hadi milimita 8 ni kazi ambayo fundi wa fremu anaiweza. Kwa foku ya kaboni au alumini, achana nayo kabisa. Kuna watu hutumia kalipa ya nyuma, yenye bolti fupi, kwenye foku ya mbele pamoja na nati ndefu. Mbinu hiyo nayo bado inahitaji tundu la milimita 8.

Urefu wa nati ni jambo la usalama. Zinauzwa za milimita 12.5, 18, 27, 32 na kadhalika, kwa kuwa unene wa taji la foku hutofautiana. Bolti ya M6 (ya unene wa milimita 6) inasogea milimita moja kwa kila mzunguko, basi hesabu mizunguko kwa mkono tangu nyuzi zinapokamatana hadi nati inapogota. Tunataka minane au zaidi. Ukipata minne, nati ni fupi. Na ukihisi imekaza kabla kalipa haijashikwa, nati ni ndefu mno, imegota kwenye mwisho wa nyuzi za bolti, na kalipa italegea barabarani ingawa mkono wako ulihisi umekaza.

Leva zangu zitaelewana na kalipa hizo?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu kila kitu huingia vizuri na hakuna kinachoonekana kibaya hadi unapohitaji kusimama.

Leva na kalipa hugawana kazi. Leva inayovuta waya mwingi ina nguvu ndogo, na inahitaji kalipa yenye wenzo mkubwa; leva inayovuta waya kidogo ni kinyume chake. Shimano walibadilisha mgawanyo huo kuanzia Dura-Ace 7900, Ultegra 6700 na 105 5700. Leva hizo na zilizofuata huvuta waya mwingi zaidi kuliko za 7800, 6600 na 5600.

Matokeo yake ni haya. Leva mpya za Shimano pamoja na kalipa za zamani: breki dhaifu, usifanye hivyo. Leva za zamani pamoja na kalipa mpya: breki kali, lakini raba husogea kidogo, kwa hiyo lazima zikae karibu sana na rimu, na rimu iliyopinda kidogo tu itazigusa. Wengine huishi na hali hiyo. Leva za SRAM na Campagnolo ziko karibu na za zamani za Shimano kuliko mpya, kwa hiyo kalipa za SRAM au Campagnolo kwenye leva mpya za Shimano zitapoteza nguvu kidogo.

Kalipa za kampuni ndogo huwa zimeundwa kufanya kazi na leva za pande zote, ila soma maelezo ya toleo lenyewe, kwa kuwa baadhi zina matoleo mawili. Leva za breki ndefu za baiskeli za milimani, zile zinazovuta waya karibu mara mbili, hazifai kabisa kwa kalipa yoyote iliyotajwa humu.

Rimu zangu ni pana na natumia tairi za milimita 28. Zitapita?

Kalipa nyepesi za zamani ziliundwa wakati rimu zilikuwa na upana wa milimita 19 hadi 21 kwa nje na tairi za 23. Leo rimu ya milimita 26 hadi 28 ni ya kawaida. Kwenye kalipa ya zamani, rimu pana huilazimisha mikono kufunguka hadi mwisho, raba hukosa pa kukaa, na mikono huanza kubana kwa pembe mbaya. Dura-Ace R9100 na Ultegra R8000 hukubali tairi hadi 28. Kwa kalipa nyingine uliza vipimo viwili kando kando: upana wa juu wa rimu na upana wa juu wa tairi.

Ujanja wa kutumia raba nyembamba zilizochakaa nusu ili rimu pana ipite tunaujua. Unafanya kazi hadi siku unapofunga raba mpya.

Kwa nini kalipa za Campagnolo hazina leva ndogo ya kufungulia?

Kwa sababu kwenye mfumo wao kitufe cha kufungulia kiko kwenye leva ya mkononi. Ukizifunga kwa leva za Shimano au SRAM, hutakuwa na njia ya kupanua raba ili gurudumu litoke, ila kutoa upepo kwenye tairi au kulegeza waya. Unaweza kuongeza kifunguzi kidogo kwenye njia ya waya, ingawa kitarudisha gramu kadhaa ulizotaka kuzipunguza. Kinyume chake, kalipa za Shimano kwenye leva za Campagnolo hukupa vifunguzi viwili, na kazi yako ni kukumbuka kuvifunga vyote kabla ya kuondoka.

## Kuchagua

Alumini, kaboni au titani?

Mikono ya alumini iliyofuliwa kwa kalibu ndiyo bora kwa watu wengi: migumu, inavumilia mizigo ya kurudiarudia, na bei yake si ya kutisha. Alumini iliyochongwa kwa mashine kutoka kipande kizima, mara nyingi ya daraja la 7075, inaweza kuwa nyepesi zaidi, ila uangalie kona za ndani. Kona kali yenye alama za kisu ndipo ufa huanzia. Mchongaji mwenye ujuzi huiacha ikiwa ya mviringo.

Kaboni kwenye mikono ya kalipa hupunguza gramu chache tu kuliko alumini iliyochongwa vizuri, kwa sababu pini na bolti bado zinahitaji vikombe vya chuma, na viungio vile huongeza uzito. Kwa macho yetu ni pambo zaidi kuliko faida.

Titani ina nafasi yake kwenye pini na bolti. Uzito wake ni kidogo zaidi ya nusu ya ule wa chuma kwa ujazo ule ule.

Nikibadilisha bolti tu kuwa za titani?

Utapata gramu 10 hadi 20 kwa jozi, kutegemea unabadilisha zipi. Bolti za titani za daraja la 5 zinakubalika kwa kushikilia raba na waya. Kwa bolti kuu inayobeba kalipa, tumia ile tu iliyotengenezwa kwa modeli yako na kampuni inayoeleweka. Bolti za alumini usiziweke popote kwenye breki. Zile za rangi rangi zinazouzwa kwa wingi mtandaoni ni za kufungia kishikio cha chupa, si za kukuzuia usiingie kwenye ukuta.

Titani ina tabia ya kung'ang'ania chuma kingine. Paka grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi kabla ya kukaza, la sivyo utaitoa ikiwa vipande.

Naweza kuweka kalipa nyepesi nyuma peke yake?

Unaweza, na kwa wengi hilo ndilo chaguo la busara zaidi. Ukishika breki kwa nguvu kwenye lami kavu, uzito wa mwili huhamia mbele, na gurudumu la nyuma linabaki na mzigo mdogo. Breki kali ya nyuma wakati huo haifanyi kazi nyingine ila kulisotesha. Campagnolo walilitumia jambo hili kwa miaka mingi: pini mbili mbele, pini moja nyuma, gramu zikapungua na gurudumu la nyuma likawa gumu kukwama.

Basi bajeti ikibana, acha kalipa ngumu mbele, na punguza gramu nyuma. Tusichoshauri ni kinyume chake.

Vipi kuhusu kalipa nyepesi sana zisizo na jina?

Baadhi zinashika. Shida huwa kwenye vitu visivyoonekana kwenye picha: springi dhaifu ambayo hairudishi mkono vumbi likiingia, bushi za plastiki zinazolegea baada ya msimu mmoja, bolti ya waya ambayo nyuzi zake zinavuliwa kwa mkazo wa kawaida, na kukosekana kwa vipuri. Kampuni ikiwa haitaji kipimo cha kukaza bolti zake wala haiuzi springi ya akiba, gramu zake zipe kisogo.

Nikinunua zilizotumika nikague nini?

Ondoa raba uone mifereji yake. Ikiwa imeachwa na meno ya kukwaruzwa, iliwahi kulegea barabarani. Shika mikono miwili uitikise kuelekea mbele na nyuma, siyo kwenye mwendo wake wa kubana. Mchezo mdogo unaweza kuondolewa kwa kukaza nati ya pini, lakini mchezo unaobaki baada ya hapo ni bushi zilizokwisha. Pitisha mwanga kwenye kona zote za ndani kutafuta ufa, hasa karibu na pini na pale waya unapofungwa. Kisha hesabu vifaa vidogo: vioshi (washa) vya umbo la bakuli vya raba, kioshi chenye meno cha nyuma ya kalipa, nati. Kwa modeli zilizokoma kutengenezwa, kioshi kimoja kinaweza kukusumbua miezi.

## Kufunga na kurekebisha

Nifunge kwa utaratibu gani?

Anza na magurudumu. Yanyooshwe, yakae hadi mwisho wa mifereji yake, ndipo uguse kalipa. Breki iliyowekwa katikati ya gurudumu lililokaa upande itakusumbua ukilikalisha vizuri.

1. Paka grisi kidogo kwenye bolti kuu, weka kioshi chenye meno kati ya kalipa na foku, ingiza nati ukihesabu mizunguko kama ilivyoelezwa kwenye swali la nati ya kuzama.
2. Shikilia kalipa katikati kwa mkono mmoja, kaza kwa Nm (nyutoni-mita) 8 hadi 10.
3. Weka raba. Upande wa juu wake ukae kama milimita moja chini ya ukingo wa rimu, usiguse tairi, na upande wa chini usining'inie nje ya rimu. Ncha ya mbele itangulie kugusa, nyuma ibaki na nafasi ya kama nusu milimita. Kaza kwa Nm 5 hadi 7.
4. Zungusha skrubu ya kurekebishia waya hadi ndani kabisa, kisha irudishe mzunguko mmoja au miwili. Hakikisha leva ndogo ya kalipa imefungwa.
5. Bana raba kwenye rimu kwa mkono, vuta waya, kaza bolti yake kwa Nm 6 hadi 8.
6. Vuta leva kwa nguvu mara kumi. Ganda la waya (bomba la nje ambamo waya hupita) litajikalia na nafasi itaongezeka. Legeza bolti, rekebisha, kaza tena. Lenga nafasi ya milimita 2 hivi kila upande.
7. Sawazisha katikati kwa skrubu ndogo ya kalipa. Kata waya ukiacha milimita 20 hadi 30, fungia kofia.

Vipimo hivi vya kukaza ni vya kalipa za kawaida za Shimano. Kalipa nyepesi za kampuni nyingine zinaweza kutaka pungufu, hasa kwenye bolti ya waya. Namba ya mtengenezaji wake ndiyo ya kufuata, na spana ya kupimia nguvu hapa si anasa.

Kishikio cha raba kina upande mmoja wazi. Uelekee wapi?

Nyuma ya baiskeli, daima. Rimu inapopita huivuta raba mbele, na upande uliozibwa ndio unaoizuia. Ukiugeuza, skrubu ndogo peke yake ndiyo inayobaki kuishika raba, na siku ya mteremko mkali raba itatoka. Ndiyo maana vishikio vina alama ya kushoto na kulia, usibadilishe pande.

Nyaya zina umuhimu kiasi gani?

Kuliko kalipa, mara nyingi. Waya wenye kutu ndani ya ganda lenye kona kali utaifanya kalipa ya gharama kubwa ihisi kama ya bure. Kabla hujatoa pesa kwa ajili ya breki kali zaidi, badilisha waya, ganda na raba, uone kama bado unazitaka.

Ganda la waya wa breki lina chuma kilichosokotwa kwa mzunguko. Ganda la waya wa gia lina nyaya zilizolala kwa urefu, ni jepesi kidogo, na lina kishawishi. Usilitumie kwenye breki: mkazo wa breki hulipasua, na leva hufika hadi kwenye mpini bila kushika kitu. Kichwa cha waya nacho hutofautiana, cha Campagnolo ni kidogo kuliko cha Shimano na SRAM, na kikubwa hakikai vizuri kwenye leva ya kidogo.

Breki zinapiga kelele au zinavuta upande mmoja. Tatizo ni nini?

Kelele kali karibu kila mara ni pembe ya raba au uchafu. Safisha rimu kwa spiriti, kwangua uso wa raba kwa msasa, ongeza kidogo nafasi ya nyuma ya raba. Ikiendelea, tikisa kalipa kutafuta mchezo kwenye pini. Mikono myembamba hutetema kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kalipa nyepesi huhitaji pembe iliyo sahihi zaidi.

Ikivuta upande mmoja, kagua ganda la waya kabla ya skrubu. Ganda fupi mno huisukuma kalipa kila unapogeuza mpini, na hakuna skrubu itakayoshinda hilo.

## Visa vya pembeni

Nina rimu za kaboni. Kuna la ziada?

Kaboni haipitishi joto upesi kama alumini, basi joto la mteremko mrefu hubaki kwenye rimu. Tumia raba zilizoidhinishwa na mtengenezaji wa rimu. Usihamishe raba kutoka rimu za alumini kwenda za kaboni, kwa sababu vipande vya alumini vilivyozama kwenye raba vitachimba kaboni. Kalipa yenyewe haibadilishi jambo hili, iwe nyepesi au nzito. Wala usishike breki kidogo kidogo mteremko mzima, bali shika kwa nguvu, achia, ipoe.

Kanuni za mashindano zinasemaje?

UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, imeweka uzito wa chini wa baiskeli za mashindano yake kuwa kilo 6.8 tangu mwaka 2000. Ikiwa baiskeli yako tayari iko hapo na unashiriki mashindano hayo, kalipa nyepesi itakulazimu kuongeza uzito kwingine. Asiyeshindana hahusiki na namba hiyo.

Mimi ni mzito, au nabeba mizigo. Nizikwepe?

Kwa mbele, ndiyo, zile za kiwango cha mwisho cha wepesi, isipokuwa umezijaribu ukiwa na mzigo kamili. Nishati ya kuondoa ni sawia na uzito: mtu na baiskeli wa kilo 110 ana robo tatu zaidi ya nishati ya yule wa kilo 63 kwa kasi ile ile, na mkono utavutwa kwa nguvu zaidi, yaani kupinda kutaonekana zaidi. Soma pia kikomo cha uzito cha mtengenezaji. Baadhi ya kalipa nyepesi zina kikomo.

Naweza kutoboa kalipa nilizonazo ili zipungue uzito?

Usitoboe. Tundu la drili lina kingo kali zinazokusanya mkazo, nawe hujui ni wapi mkono unabeba mzigo mkubwa zaidi. Gramu utakazotoa hazifiki 15, na ufa ukianza hutautambua mpaka mkono ukatike, jambo ambalo hutokea leva ikiwa imevutwa kwa nguvu zote.

Nizihudumie mara ngapi?

Kalipa zenye matundu mengi hukusanya mchanga kwenye springi na pini. Baada ya kila safari ya mvua, suuza kwa maji ya kawaida bila shinikizo, kausha, weka tone la mafuta kwenye pini na kwenye sehemu springi inapoteleza, kisha pangusa lisifike kwenye raba. Toa chembe za alumini na mchanga kwenye raba kwa ncha ya kisu. Raba ibadilishwe mfereji wake unapokaribia kufutika, na waya ubadilishwe unapoona uzi mmoja umekatika, hata kama leva bado inahisi vizuri.